Kompyuta Kuu Zilivyofundishwa Lugha Moja

Habari za kompyuta kuu hutufikia mara mbili kwa mwaka. Kila Juni na kila Novemba, tangu mwaka 1993, hutolewa orodha ya mashine 500 zenye kasi kupita zote duniani, nayo magazeti huiandika kama yanavyoandika mbio za marathoni: nani wa kwanza, nani kaporomoka, Mjapani kampita Mmarekani, Mchina kawapita wote wawili. Kasi tu. Leo ninataka kuzungumzia jambo ambalo orodha hiyo haina kipimo chake. Mtu akishakaa mbele ya kioo, na mashine ya mamilioni ya dola ikiwa upande wa pili wa waya, anaandika nini ili imtii?

Maana kompyuta hizi kwa kawaida haziendeshwi kwa kubonyeza vijipicha kama kompyuta ya ofisini. Mpaka leo, wengi wanaozitumia hukaa mbele ya kioo chenye mstari mmoja mtupu unaowasubiri. Mtu anaandika neno, anabonyeza kitufe, mashine inajibu. Neno hilo ndilo amri. Akikosea herufi moja, hakuna kazi. Na kwa muda mrefu neno lililokubaliwa na mashine hii lilikataliwa na ile ya jirani, hata kama zote mbili zilitoka kiwanda kimoja.

Turudi mwaka 1976. Mwaka huo maabara ya Los Alamos, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ilipokea Cray-1 ya kwanza, kazi ya mhandisi Seymour Cray na wenzake. Ilikuwa na uzito wa tani tano na zaidi, imesimama kama herufi C, na kuizunguka chini palikuwa na viti vya kukalia vyenye mito, ambavyo ndani yake vilifichwa vifaa vya umeme. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 8. Simu ya mkononi ya leo ingeicheka, lakini siku zile hapakuwa na mshindani: kwa upeo wake iliweza kupiga hesabu milioni 160 kwa sekunde moja.

Sasa sikiliza vituko. Mashine hiyo ya ajabu ilifika bila mfumo wa uendeshaji wa kueleweka. Cray alikuwa mtu wa kuunda mitambo. Mambo ya jinsi mteja atakavyozungumza na mtambo huo aliyaacha nyuma. Wateja wa mwanzo wakajiandikia wenyewe. Wataalamu wa Livermore, huko California, waliokuwa na desturi zao tangu zamani, wakauleta mfumo wao kwenye Cray na kuuita CTSS. Kampuni nayo baadaye ikatoa mfumo wake, COS. Mashine moja, lugha mbili. Aliyejifunza ya Livermore alikuwa bubu mbele ya COS.

Tena katika COS mtumiaji hakuzungumza na Cray moja kwa moja. Palikuwa na kompyuta nyingine mbele yake, kama karani wa mapokezi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichopo Reading, Uingereza, kilipoweka Cray yake mwaka 1978, karani huyo alikuwa mashine ya kampuni ya Control Data, aina ya Cyber. Mtaalamu wa mawingu na pepo ilimbidi ajue adabu za karani, kisha ajue na za bwana mwenyewe ndani, ndipo hesabu zake za mvua zipokelewe. Na hizo si hesabu za mchezo. Kituo hicho kilianza kutoa utabiri wa siku kadhaa mbele kwa kazi za kila siku mwezi Agosti 1979, na utabiri ukichelewa haumfai mtu: mvua haisubiri.

Kwa upande wa IBM mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mashine zake za ukoo wa 360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilidai kila kazi iandamane na maelezo yaliyotobolewa kwenye kadi, kwa lugha iitwayo JCL. Koma ikikaa mahali pasipo pake, kazi inarudishwa, nawe unarudi mwisho wa foleni. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo huo, baadaye alikiri hadharani kuwa lugha hiyo ilikuwa miongoni mwa mbaya kabisa zilizowahi kubuniwa. Nampa heshima kwa kusema ukweli. Ni wakubwa wachache wanaosema hivyo juu ya kazi ya idara zao.

Mtu anaweza kuuliza: kwani hilo lilimuumiza nani? Wanaotumia kompyuta kuu si ni wasomi? Wajifunze tu!

Jibu ni kwamba mwanasayansi hana miaka mia. Anayechunguza jinsi protini inavyojikunja, au jinsi ufa unavyotambaa katika chuma cha daraja, anapewa saa chache za mashine, naye anazipangia kama mkulima anavyopanga mbegu. Miezi anayoipoteza kujifunza amri za kituo kimoja haimsaidii akihamia kingine. Mwanafunzi aliyeachiwa mafaili na mwalimu wake anayakuta yameandikwa kwa ajili ya mashine iliyokwisha kung'olewa. Hivyo mlangoni pa kompyuta kuu palikuwa na kuta mbili. Ukuta wa kwanza ni bei, na kila mtu aliuona. Ukuta wa pili ni lugha, na huo waliuona wale tu waliokwisha kuuvuka wa kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukuta wa bei ulizua kisa cha aibu huko Marekani. Larry Smarr, mtaalamu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa akipiga hesabu za mashimo meusi ya angani. Chuo chake hakikuwa na kompyuta ya kutosha. Mashine za Cray zilizokuwa nchini mwake nyingi zilifungiwa katika maabara za silaha. Basi akafunga safari mpaka Ujerumani, kwenye taasisi ya Max Planck huko Munich, ili atumie mashine iliyoundwa Marekani! Mwaka 1983 Smarr na wenzake walipeleka maombi kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani, na kati ya 1985 na 1986 vikaanzishwa vituo vitano vya kuwahudumia wanavyuo: San Diego, Illinois, Cornell, Princeton na Pittsburgh.

Ukuta wa kwanza ukapata ufa. Wa pili ukabaki wima. San Diego na Illinois waliweka Cray inayosema CTSS ya Livermore. Pittsburgh waliweka Cray ya jamii hiyohiyo, lakini inayosema COS. Cornell walikuwa na IBM na desturi za IBM. Serikali moja ilitoa fedha, watafiti walikuwa walewale, na bado kila mlango ulikuwa na hodi yake.

Hapo mimi nawaelewa sana, kwa sababu katika kazi yetu ya redio nimewahi kuhama studio moja kwenda nyingine na kukuta vitufe vya mixa vimepangwa kinyume. Siku ya kwanza nilikata taarifa ya habari katikati. Nami nilikuwa na vitufe kumi na viwili tu vya kukumbuka.

Dawa haikutoka kwa watengenezaji wa kompyuta kuu. Ilitoka pembeni kabisa, kwenye kompyuta ndogo zilizodharauliwa. Mwaka 1969, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo uitwao Unix. Mambo mawili yaliutofautisha na mingine. La kwanza, mwaka 1973 waliuandika upya kwa lugha ya C, isiyofungamana na mashine moja, hivyo ukaweza kuhamishwa kutoka kompyuta ya kampuni hii kwenda ya kampuni ile. La pili, amri zake zilikuwa programu ndogondogo, kila moja ikifanya jambo moja: hii inaorodhesha mafaili, hii inatafuta neno, hii inapanga mistari. Kwa msukumo wa mwenzao Doug McIlroy, mwaka huohuo wa 1973 waliongeza njia ya kuunganisha amri hizo kama mabomba ya maji, kinachotoka katika hii kikaingia katika ile. Hivyo mtu aliyejua amri ishirini aliweza kuziunganisha kwa namna mamia, bila kumngoja mtengenezaji amtungie mpya.

Hata programu ya kupokea amri, inayokaa kati ya mtu na kiini cha mfumo, ilikuwa programu kama nyingine, na ungeweza kuibadilisha. Wataalamu huiita ganda. Fikra hiyo ni ya zamani kidogo: Mfaransa Louis Pouzin aliileta katika miaka ya 1960 alipokuwa MIT, kwenye mfumo ambao nao, ajabu, uliitwa CTSS. Usiuchanganye na ule wa Livermore. Watu wa kompyuta wana uhaba wa herufi.

Kampuni ya simu ya AT&T, mwenye maabara za Bell, ilikuwa imezuiwa na makubaliano ya mahakama ya mwaka 1956 isiingie katika biashara ya kompyuta. Ndiyo maana Unix ilikwenda vyuoni kwa ada ndogo. Kizazi kizima cha wanafunzi kikakua nayo. Walipomaliza masomo na kuajiriwa kwenye vituo vya kompyuta kuu, waliulizana: kwa nini huku tunarudi kwenye ujima?

Waliothubutu kwanza ni watu wa kituo cha Ames cha NASA, California, penye kazi ya kupiga hesabu za upepo unavyopita kwenye mabawa ya ndege. Katikati ya miaka ya 1980 waliamua kwamba kila mashine yao, kuanzia ile ya mezani kwa mtafiti hadi Cray-2 waliyoipokea mwaka 1985, itatumia Unix. Wengi waliona huo ni upotevu: mfumo ulioandikwa ili ufae kila mahali unakula kasi, na kasi ndiyo iliyolipiwa mamilioni. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini watu wa Ames walijua pia kuwa kasi ya mashine si kitu ikiwa mtu ameketi mbele yake siku tatu hajui la kuandika. Kampuni ya Cray yenyewe ikatoa Unix yake, UNICOS, na miaka michache baadaye COS na CTSS zikawa mambo ya wazee.

Ila Unix ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Iliundwa kwa watu walioketi wakaongea na mashine papo kwa papo. Kompyuta kuu haiendi hivyo. Kazi moja huchukua saa sita, nyingine siku mbili, na wanaoitaka ni wengi. Lazima pawe na foleni. Tena si foleni ya kusimama mwenyewe. Ni kama bombani, unapoacha ndoo yako kwenye mstari ukaenda zako sokoni, ukirudi unaikuta imejaa. Unix haikujua habari za ndoo.

Basi mwaka 1986 ikaandikwa kwa ajili ya Ames programu ya foleni iitwayo NQS. Na hapa ndipo nafika kwenye maneno matatu ninayodhani yamefanya kazi kubwa kuliko mitambo mingi iliyosifiwa magazetini: qsub, qstat, qdel. La kwanza unaweka ndoo. La pili unauliza imefika wapi. La tatu unaiondoa. Aliyeyajua Ames aliyakuta pia kwenye vituo vingine vilivyochukua NQS. Ames ilipoanza kuandika programu mpya ya foleni, PBS, katika miaka ya 1990, mashine za ndani zikabadilika lakini maneno ya mlangoni yakabaki yaleyale. Mwaka 1994 yakaingizwa rasmi katika POSIX, kanuni za kimataifa za mifumo ya jamii ya Unix.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaijua hadithi ya namna hii. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukilinda. Watu wa Kimvita, wenye mashairi ya karne nyingi, walinung'unika, na hawakukosa haki. Kusanifisha maana yake ni kumwambia mtu: neno lako zuri, lakini tutaandika hili la jirani. Katika foleni za kompyuta pia wapo walionung'unika. IBM walikuwa na yao. Programu nyingine iliyopendwa, LSF, ilisema bsub badala ya qsub. Wajapani wa Fujitsu wakasema pjsub. Na mwaka 2008 kanuni za POSIX zenyewe zikayaweka maneno yale ya foleni katika kundi la yaliyopitwa na wakati, ilhali vituoni watu walikuwa wakiyaandika kila asubuhi.

Wakati huohuo kulikuwa na kero nyingine, ndogo kwa sura. Kituo kikubwa huwa na matoleo mengi ya programu moja: huyu anataka la zamani kwa sababu ndilo alilopigia hesabu za tasnifu yake, yule anataka jipya. Kuyachagua kulihitaji kubadili mafaili ya siri ambayo mtumiaji wa kawaida huyaogopa. Mwaka 1991 John Furlani alieleza njia yake: amri moja, module, unayoifuatisha na jina la unachotaka, mashine inajipanga yenyewe, na ukimaliza inajipangua. Jambo dogo kiasi hicho limeenea katika vituo vingi vya dunia mpaka leo. Mimi naliweka juu kuliko mipango mingi mikubwa.

Kwani mipango mikubwa ilikuwapo. Wakubwa walitaka mtafiti asijue kabisa kazi yake inaendeshwa wapi. Aandike amri moja, nayo itafute mashine penye nafasi. Ujerumani walianza mradi wa UNICORE mwaka 1997, na jina lake kwa kirefu lilibeba hasa neno la kuwa na sura moja. Marekani, Ian Foster na Carl Kesselman walisukuma Globus, na mwaka 2001 ukazaliwa mtandao wa TeraGrid ulioanza kwa kuunganisha vituo vinne. TeraGrid walitunga fungu la programu za pamoja kwa vituo vyao vyote, wakaliita, utaamini msikilizaji, CTSS. Kazi njema ilifanyika humo. Lakini vyeti vya utambulisho na tabaka za programu vilirundikana mpaka njia ya kurahisisha ikahitaji nayo mwalimu wake, na kwa maoni yangu ndiyo sababu watafiti wengi waliendelea kuingia kituo kimoja kimoja na kuandika qsub yao.

Kilichomaliza ubishi kilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa Linux, mfumo wa sura ya Unix usiouzwa. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye Linux zikafanya kazi kama moja, wakaziita Beowulf. Kuanzia hapo hata chuo kisicho tajiri kiliweza kujijengea. Novemba 2017, katika ile orodha ya mashine 500, hapakubaki hata moja isiyotumia Linux.

Maana ya jambo hilo kwetu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa Mwanza au Eldoret mwenye kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani anaweza kuweka Linux bila kulipa senti, na amri anazozizoea usiku chumbani kwake ndizo zitakazomkuta siku atakapopata ruhusa ya kuingia kwenye mashine kubwa. Cray ya mwaka 1976 isingemruhusu kufanya mazoezi popote.

Hata hivyo neno la foleni bado halijatulia. Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, imekuwa na mashine kadhaa zilizowahi kuongoza dunia. Kwenye Titan, ya mwaka 2012, uliandika qsub. Kwenye Summit, ya mwaka 2018, ukaandika bsub. Frontier, iliyoongoza orodha mwaka 2022 kama mashine ya kwanza humo kupita hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde, inataka sbatch, neno la programu ya foleni iitwayo Slurm, iliyoanzia Livermore mwanzoni mwa karne hii. Nyumba moja, miaka kumi, hodi tatu.

Austin, Texas, nako yalikuwa hayo. Kompyuta yao ya Ranger, iliyoanza kazi mwaka 2008 ikiwa na prosesa zenye viini 62,976, ilizimwa Februari 2013, na waliokuwa wakiitumia wakahamia Stampede na Slurm yake, wakakaa kuzibadilisha qsub zao ziwe sbatch. Ranger haikutupwa yote. Makabati yake kadhaa yalipakiwa melini, yakapelekwa kituo cha CHPC cha Cape Town ili yagawanywe kwa vyuo vya nchi za SADC. Viini vya makabati hayo vilikwisha kuitwa vya zamani Texas. Lakini ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ni ileile iliyokuwamo kwenye Unix ya mwaka 1971. Na waandishi wa Slurm, kwa kuwajua watu, wameweka pembeni programu vidogo vya kutafsiri: aliyezoea zamani akiandika qsub, ndoo yake inapokelewa.